Ampule Moja kwa Kila Boksi

Wanafunzi wa Adolphine Nabintu walimwita Madame Combien, Bibi Wangapi, kwa sababu kila aliyemletea neno alirudishiwa swali: wangapi? Ukimwambia vijana wa Bukavu hawapendi tena kusoma, atakuuliza umehesabu wangapi. Ukimwambia muhogo wa Nyantende umekuwa mchungu mwaka huu, atakuuliza ulionja mashina mangapi, tena katika shamba la nani. Hakuwa anafanya mzaha. Alizaliwa Nyantende hiyo hiyo, mtoto wa wakulima, akasomeshwa na masista, akapenda hesabu mpaka watu wakamhurumia. Alipovuka miaka arobaini alikuwa mwalimu wa takwimu katika taasisi moja ya afya, akiishi Nyalukemba katika nyumba ya vyumba viwili ambayo ziwa lilionekana kwa upande wa choo tu. Hakuolewa. Aliokuwa nao duniani, kwa maneno yake mwenyewe, ni mama yake kule kijijini na mdogo wake Charlène.

Somo alilolipenda kuliko yote ni lile la familles exponentielles, yaani koo za sheria za bahati. Wanafunzi walicheka kusikia kwamba hata sheria za bahati zina ukoo. Yeye aliwaeleza kwa maharage. Ukitoa maharage kwenye gunia, moja baada ya jingine, ukaangalia yaliyotobolewa na wadudu, huna haja ya kukumbuka lipi lilitangulia lipi. Shika jumla: umetoa mangapi, mabovu mangapi. Jumla hiyo imebeba yote ambayo gunia lingeweza kukuambia, mengine ni kelele. Sheria nyingi za ukoo ule, ya kuhesabu vitu vibovu, ya kuhesabu ajali, ya kupima muda wa kungoja, zote zina tabia hiyo, na jumla ya namna hiyo Wafaransa wanaiita exhaustive, yaani imemaliza maneno. Adolphine alipofika hapo sauti yake ilishuka kidogo, kama mtu anayetaja jina la anayempenda.

Charlène hakusoma hesabu. Aliolewa Cimpunda na Guy, fundi wa kuchomelea milango na madirisha, wakazaa wawili. Wa pili alikaribia kumwua. Damu ilitoka mpaka godoro likalowa, ikasimamishwa na sindano. Sasa alikuwa na mimba ya tatu, karibu kujifungua, na mji haukuwa ule tena. Kwa sababu ya vita uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa, barabara za kuingia zilikuwa za mashaka, na kilichokuwa kinaletwa zamani kwa wiki sasa kilikuja kwa miezi au hakikuja.

"Yaya, huyu wa tatu niko namuogopa," Charlène alimwambia dada yake siku moja, akimenya viazi huku amenyoosha miguu iliyovimba.

"Sindano iko. Mara ile ilikusaidia, itakusaidia tena."

"Wewe njo umesema."

Adolphine alisema vile kama watu wote wanavyosema. Hakuwa amehesabu chochote.

Wiki iliyofuata Docta Adalbert akaja kumtafuta kwenye taasisi. Alikuwa mganga wa maternité kubwa, hospitali ya kujifungulia iliyosimamia vituo vidogo vingi vya mji, mtu mnene, mpole, ambaye kawaida aliingia akitabasamu. Siku hiyo alikaa kwenye benchi la wanafunzi bila kusalimia.

"Maman Adolphine, bamama watatu wamenifia," akasema. "Wa mwisho anaitwa Yolande, mwalimu wa shule ya primaire. Tulimpiga sindano ya oxytocine, ile ya kusimamisha damu, tukarudilia, tukarudilia tena. Damu haikusimama. Ilikuwa kama tunapiga maji."

"Unazania dawa iliharibika?"

"Ile dawa inataka baridi. Na courant, umeme wetu, unajua vile iko. Lakini wengine tunawapiga hiyo hiyo na wanapona. Sasa niko nauliza: nipime ampule ngapi nijue?"

Walikwenda pamoja kwenye bohari ya dawa. Msimamizi wake alikuwa Constance, mfamasia wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliwafungulia frigo, friji ya dawa. Boksi karibu thelathini zilipangwa humo, kila moja na ampule kumi, vichupa vya kioo vya dawa ya sindano. Hizo, pamoja na boksi chache zilizokuwa tayari kwenye vituo, ndizo zilizobaki kwa mji mzima na vijiji vyake. Nyingine haikujulikana ingefika lini.

"Kupima ni kuvunja," Constance alisema. "Ampule ukishaifungua kwa mashine, hairudi. Kila moja mutakayovunja iko mama moja anabaki bila dawa. Muniambie ngapi, lakini museme muzuri."

"Tuchukue tano," Docta akasema. "Tano tumalize."

Adolphine alitikisa kichwa. "Docta, karibu nusu ya hizi zote inaweza kuwa mubaya, na bado siku moja kwa makumi mbili bahati ikupe tano muzuri. Utafurahi, utarudi kazini, utaendelea kupiga maji."

"Basi ngapi?"

"Ukitaka nikuambie kwa uhakika kwamba mbovu hazipiti moja kwa makumi mbili, sitini. Na zote sitini zitoke muzuri."

Constance alifunga mlango wa frigo, taratibu, akauegemea. "Sitini sitoi," akasema. "Hata Askofu aje."

Hakuna aliyemlaumu. Adolphine alihisi aibu ya ajabu, kwa sababu darasani ile sitini ilikuwa namba tu, iliandikwa na kufutwa. Kisha akasema kuna njia nyingine. Wasichague idadi mapema. Wapime moja, waangalie. Wapime nyingine, waangalie. Kila nzuri inavuta jumla upande huu, kila mbovu inaivuta upande ule kwa nguvu zaidi, na kuna mstari pande zote mbili. Jumla ikivuka mstari wa kwanza wanasimama na kusema dawa ni salama. Ikivuka wa pili wanasimama na kusema dawa ni mbovu. Kwa kawaida mtu huvuka mapema, akiwa hajavunja nyingi.

"Hiyo naweza," Constance akasema.

Mashine ya kupimia ilikuwa katika maabara ya famasia ya chuo kimoja, chini ya mikono ya Papa Télesphore, mzee mwembamba aliyeisafisha mashine ile kila asubuhi hata siku zisizo na kazi. Ilihitaji umeme usiokatika. Docta Adalbert alitafuta mafuta ya groupe, jenereta ya chuo, siku nzima kabla ya kupata kidumu kimoja. Asubuhi iliyofuata walianza, Constance akitoa ampule kutoka kwenye thermos la barafu, Papa Télesphore akivunja shingo na kuingiza dawa kwenye mashine, Adolphine akiweka alama kwa chaki ubaoni. Kila ampule ilichukua karibu nusu saa.

Ya kwanza ikatoka nzuri. Ya pili, ya tatu. Zilipofika nane, zote nzuri, Docta Adalbert alikuwa ameanza kupumua, akasimulia hata hadithi ya shangazi yake mmoja wa Walungu, na Constance akacheka. Alama za Adolphine zilikuwa zimesogea nusu ya njia kuelekea mstari wa usalama.

Ya tisa Papa Télesphore aliisoma mara mbili. "Hii iko chini," akasema. "Chini sana. Dawa ndani haifiki hata nusu."

Ya kumi vile vile. Ya kumi na moja vile vile.

Adolphine aliweka alama ya tatu na kuona jumla imevuka mstari, ule mwingine. Aliirudia hesabu kwa mkono, kisha kwa simu. Haikubadilika.

"Sema," Docta akamwambia.

"Hesabu inasema tusitumie."

"Yote?"

"Yote."

Constance alikaa chini kwenye sakafu, sketi yake nyeupe kwenye vumbi, akashika kichwa. Docta Adalbert alitoka nje na simu. Walimsikia kupitia dirishani akiita kituo kimoja baada ya kingine, kwa sauti ile ile: msiguse oxytocine mliyo nayo, zirudisheni bohari, ngojeni tuwaambie. Kituo cha Cimpunda nacho alikiita.

Hapo ndipo Adolphine alipotazama ubao kwa muda mrefu. Nzuri nane zikifuatana. Mbovu tatu zikifuatana. Yeye mwenyewe ndiye aliyefundisha kwa miaka mingi kwamba mfuatano ni kelele, shika jumla. Lakini hilo ni kweli gunia likiwa moja. Ukimwaga magunia mawili ndani ya kapu moja, unatoka nje ya ukoo ule. Jumla haimalizi tena maneno, inabidi ujue kila harage lilitoka wapi.

"Maman Constance, hizi ampule ulizitoa namna gani?"

"Nilianza boksi ya juu. Ilipoisha..." Akasita. "Ilikuwa na nane tu, mbili zilikwisha kutoka. Nikafungua ya pili."

Kisha Constance akaanza kusema, polepole, kama mtu anayevuta kitu kutoka kisimani. Watu walipokimbia vita upande wa Kabare, kituo kimoja cha afya kilibaki kitupu majuma mengi. Muuguzi wake alirudi baadaye, akakuta dawa hazikuibwa, akazibeba mgongoni mpaka mjini kwa moyo mzuri. Zilikuwa za kiwanda kile kile, namba ile ile, boksi zile zile. Bohari haikuwa na dawa ya kutupa, ikazipokea. Baadaye frigo ilipoharibika walihamisha kila kitu haraka, na boksi zikachanganyika. Nyingine zilikwisha kupelekwa vituoni.

"Zilikaa kwa joto," Papa Télesphore akasema.

"Zilikaa kwa joto, na sasa haziandikwe mahali."

Adolphine alisimama. Alikuwa anaongea haraka sasa. Ampule kumi za boksi moja zimeishi maisha mamoja. Zilipopata joto zilipata pamoja. Hakuna haja ya kuuliza ampule mia tatu. Waulize boksi. Ampule moja kwa kila boksi, boksi nzuri inarudi kazini, boksi mbovu inachomwa. Hasara ni ampule moja kwa kumi, na mwisho wake watajua.

Docta alirudi ndani, wakamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta jasho. "Basi niwaite tena vituo? Niwaambie nzuri ziko?"

"Ziko, lakini hatujue ni zipi. Wasiguse kwanza," Adolphine akasema. "Wazilete tuzipime. Iko siku mbili tu, Docta."

"Siku mbili," akakubali.

Mafuta yaliisha jioni ile wakiwa na boksi nne tu zilizothibitishwa. Docta alizipeleka kwenye maternité kubwa, ambako wanawake walikuwa wanazaa kila saa. Siku iliyofuata hawakupata mafuta kabisa. Siku ya tatu umeme ulirudi wenyewe asubuhi, na Papa Télesphore akawasha mashine huku akiomba rozari.

Saa sita mchana simu ya Adolphine ililia. Alikuwa Guy.

"Charlène amezaa," akasema. "Mutoto mwanamuke. Lakini damu, yaya. Damu iko natoka."

"Uko wapi?"

"Hapa ku kituo, Cimpunda. Mukunga anasema dawa ya hapa ilikatazwa, mutaleta ingine. Iko wapi?"

Adolphine alichukua boksi iliyokuwa imetoka kupimwa na kuonekana nzuri, akaitia kwenye thermos, akashuka ngazi mbio. Mtu wa pikipiki aliyemkuta barabarani alikataa kwanza kwa sababu mvua ilikuwa imeanza. Akamshika mkono na kumwangalia, na yule mtu akawasha. Mvua ya Bukavu haikawii kuwa mto. Kwenye mteremko wa kuingilia Cimpunda maji mekundu yalikuwa yanabeba mawe na viatu, pikipiki ikaserereka, wakaanguka. Aliinuka na thermos kifuani. Sehemu iliyobaki alipanda kwa miguu kati ya nyumba za mbao, akishika kuta za watu, akiwaomba wampishe.

Kituo kilikuwa chumba kirefu chenye pazia. Mélanie, mkunga, alikuwa juu ya kitanda kwa magoti, ngumi zake mbili zikikandamiza tumbo la Charlène. Mikono yake ilikuwa myekundu mpaka viwiko. Guy alisimama ukutani akiwa amembeba mtoto ndani ya shati lake.

"Leta," Mélanie akasema bila kugeuka.

Wakampiga ile sindano. Mélanie akaendelea kukandamiza. Charlène alifungua macho, akaangalia dari, akaangalia kitu kingine kilichokuwa mbali zaidi ya dari. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu. Adolphine alishika mguu wake, kwa sababu ndio uliokuwa karibu, na ulikuwa wa baridi kama kitu kilichotoka ziwani. Baada ya muda damu ilipungua, na kwa dakika chache alifikiri ni dawa. Haikuwa dawa. Hakukuwa na damu nyingine ya kutoka.

Mélanie alishuka kitandani na kukaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Ile ya hapa haukuipiga?" Adolphine alimwuliza.

"Mulisema tusiguse. Ya kuirudisha bohari, sikupata mutu wa kutuma. Nilingoja ile yenu. Nilimukanda, nikangoja. Nilipoona anaenda, nikaivunja, nikamupiga mbili. Ilikuwa nimechelewa." Alionyesha boksi kwenye dirisha, wazi, na ampule zilizobaki. "Labda nayo ilikuwa maji tu. Sijue."

Walimzika Nyantende, kwenye ardhi ya baba yao. Mama yao hakulia. Alikaa kwenye mkeka na wale watoto wawili wakubwa magotini na kuuliza kila aliyekuja kama amekula.

Kesho yake Adolphine alikwenda maabara akiwa na boksi ya Cimpunda kwenye mfuko. Papa Télesphore alipoiona alielewa.

"Maman, hii tuiache," akasema. "Boksi iko moja. Tutaitupa, haitapunguza kitu."

"Pima."

"Itakusaidia nini?"

"Pima, Papa."

Mashine ilichukua muda wake ule ule. Mzee aliangalia karatasi ilipotoka. Aliikunja, akataka kuiweka mfukoni mwa koti lake jeupe, na Adolphine akanyoosha mkono. Ilikuwa nzuri. Tena nzuri kabisa, kama imetoka kiwandani jana. Alikaa na karatasi ile mapajani mpaka Docta Adalbert alipokuja, akaisoma juu ya bega lake.

"Usingejua," Docta akasema. "Karibu nusu ya boksi ni maji. Kama tusingezuia, wangapi wangekufa?"

Lilikuwa swali la Adolphine mwenyewe, na kwa mara ya kwanza hakutaka jibu. Alijua kwamba kuna makosa mawili, la kuamini kibovu na la kukataa kizuri, na kwamba ukilibana moja jingine linavimba. Alikuwa amelifundisha kwa mchoro. Alijua pia kwamba Docta anasema kweli. Kweli ile haikumsaidia kusimama.

Walimaliza kazi, kwa sababu ilibidi imalizwe. Boksi mbovu zilichomwa nyuma ya bohari, na nzuri zikabandikwa utepe wa kijani na kurudi vituoni. Vifo vya namna ile vilipungua katika maternité. Watu walimshukuru Adolphine kanisani, wakamshika mkono, na yeye aliuvuta mkono wake mapema. Darasani alifundisha akiangalia ubao. Usingizi ulimkimbia. Alianza kufanya hesabu ile ya kijinga ambayo mwenyewe angemkataza mwanafunzi: kama ningesema wasizuie Cimpunda tu. Kama mafuta yangepatikana siku ya pili. Kama boksi ya juu ingekuwa mbovu na ya pili nzuri.

Guy alikuja Nyalukemba siku ya Jumapili, amembeba mtoto. Alikuwa amempa jina la Aimée. Alikataa kiti, akasimama mlangoni.

"Mélanie aliniambia ulipima ile ya kituo," akasema. "Nilitaka unijibu wewe mwenyewe. Ilikuwa muzuri?"

Angeweza kumwambia haijulikani. Papa Télesphore asingesema, na Docta alikwisha kumshauri hivyo hivyo.

"Ilikuwa muzuri," Adolphine akasema. "Na mimi njo nilisema wasiguse."

Guy alimfunika mtoto vizuri. Kisha akageuka na kwenda, na Adolphine akamtazama akipanda barabara na kichwa kidogo cha mtoto kikiyumba begani. Hakumfuata. Aliamini kwamba hatamwona tena, na kwamba ni haki.

Alirudi baada ya majuma. Ilikuwa asubuhi ya kazi, nguo zake zina matobo ya cheche. Safari hii aliketi. Alisema mama yake mzazi, aliyekuwa anamlea Aimée, ameumwa, na Nyantende ni mbali kwa mtoto anayekunywa maziwa ya kopo, na yeye hawezi kuchomelea chuma na mtoto mgongoni.

"Mimi hesabu zenu sizijue," akasema. "Nilikukasirikia, na hasira ingali ndani. Lakini kuna kitu haujue. Pale Mélanie alikuwa anamukanda, Charlène alikuwa anasema. Alisema, yaya analeta dawa. Alisema vile mpaka akanyamaza. Hakuwa na woga."

Guy alisimama, akamwekea mtoto mikononi kama mtu anayekabidhi chombo cha kazi, akaeleza kwamba anapenda maziwa yawe ya moto kidogo na kwamba akilia sana atembezwe, asitikiswe. Akaondoka kwenda kwenye kazi yake.

Aimée alianza kulia kabla hatua za baba yake hazijaisha kwenye ngazi. Adolphine alisimama katikati ya nyumba, hajui amshike vipi. Kisha akamhamishia kwenye bega la kushoto, akawasha mbabula, jiko lake la makaa, kwa mkono mmoja, akaweka maji ya maziwa.